Mwenye Kazi ni Nani

Walikuja watu kumi na mmoja kuniomba ardhi, na nilipowapa mkono mmoja mmoja sikukuta sugu hata moja. Mikono laini kama ya mtoto anayepelekwa kubatizwa. Kumi walikuwa wageni kwangu. Wa kumi na moja alikuwa binti yangu, kitinda mimba, niliyemsomesha mpaka chuo kikuu, naye alisimama nyuma yao akiangalia chini, maana anajua baba yake hana subira na maneno marefu.

"Shikamoo baba," wakasema kwa pamoja, kama darasa.

"Marahaba. Haya, semeni."

Wakasema. Walianza kusema kuku akiwa hai, wakamaliza kuku akiwa mifupa. Walikuwa wanataka kujenga kijiji. Nikawauliza, kwani hapa mlipokaa ni wapi kama si kijijini? Wakacheka kwa adabu. Si kijiji cha namna hii, baba. Kijiji rafiki wa mazingira. Nyumba za udongo na nyasi, umeme wa jua, choo kisichotumia maji, mbolea isiyotoka dukani. Shamba moja la wote, stoo moja, jiko moja, na kila mtu afanye kila kazi kwa zamu, pasiwe na bosi. Aliyesema zaidi ya wenzake alikuwa kijana wa Dar es Salaam mwenye nywele za kusokota na kaptula ya mifuko sita. Walimwita mratibu. Nikamuuliza, mratibu ni wa nini kama hakuna bosi? Akasema mratibu si bosi, mratibu anaratibu. Nikaendelea kuchokonoa meno.

Nyumba za udongo na nyasi! Mimi nimezaliwa ndani ya nyumba hiyo. Upepo wa Ufipa wa mwezi wa sita nimelala nao kitanda kimoja. Nilipoezeka bati la kwanza, mvua iliponyesha niliacha kazi nikakaa ndani kuisikiliza tu, kama mtu aliyekaa kanisani kusikiliza kwaya. Sasa mtoto wangu mwenyewe ananiletea wasomi waje kunifundisha uzuri wa kuvujiwa.

Mimi nimesoma darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Vitu nilivyo navyo nimevipata kwa miguu. Nilishuka Kipili ziwani kwa baiskeli kununua dagaa na migebuka mikavu, nikapanda nao mlima nikisukuma, maana mlima ule hapandi mtu kwa kukaa kwenye kiti. Nikauza Sumbawanga sokoni, nikashuka tena. Miaka tisa. Ndipo nikanunua ng'ombe wawili wa jembe, baadaye wanne, baadaye mashine ya kusaga. Hakuna mratibu aliyeniratibu.

Na habari ya kushirikiana nilishafundishwa zamani, tena kwa lori. Nilikuwa kijana ndiyo kwanza ninaota ndevu tulipohamishwa kutoka kwenye makazi yetu tukapangwa mistari kando ya barabara. Tukapewa shamba la wote. Shamba la wote lililimwa kwa majembe mabovu kuliko yote, kwa sababu kila mtu aliacha jembe lake zuri nyumbani. Mkuu wa shamba alipotokea tuliinua majembe, alipopita tulishusha. Mahindi yalitoka yamekonda, kila mtu akamlaumu mwenzake, na mwenye kulaumiwa hakupatikana. Nilipowasimulia wageni wangu, mratibu akasema, "Ule ulikuwa wa kulazimishwa, baba. Huu ni wa hiari."

"Sawa," nikasema. "Tutaona kama hindi linajua tofauti."

Lakini ardhi niliwapa. Niseme ukweli kwa nini, maana wapo majirani wanaosema mpaka leo kwamba mzee alizeeka akili. Nimezaa watoto saba. Sita wameondoka, wako Mbeya, wako Mpanda, wako Dar es Salaam, wananipigia simu Krismasi kuniuliza hali ya hewa. Huyu wa mwisho peke yake ndiye aliyesema anataka kurudi. Angekuja na kundi la nyani akasema anajenga nao kijiji, ningewapa nyani ardhi. Hilo sikuwaambia. Niliwaambia masharti, tena mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na majirani zangu wanne. Nikawaonyesha shamba langu la mlimani, ekari nane za majani matupu, nikasema, "Hili ni lenu kadiri mnavyolilima. Mvua zikikata matuta mapya hayajainuliwa, nalichukua siku hiyohiyo." Majirani wakatikisa vichwa. Neno langu wanalijua. Sijawahi kulimeza.

Waliingia mwezi wa saba. Kiangazi chote wakajenga, na nitawapa haki yao: nyumba zilisimama. Mbili zilipinda, lakini zilisimama. Palipokuwa na kichekesho ni mambo mengine.

Walichonga ubao wa duara, wakaugawa kama keki, kila kipande kimeandikwa kazi: jiko, maji, ng'ombe, bustani, choo, ulinzi. Katikati wakapigilia ubao mdogo wenye majina yao. Kila Jumatatu asubuhi waliusogeza ule mdogo kidogo, na kila mtu akapata kazi mpya. Wakauita gurudumu la zamu. Msichana mmoja aliyejua kupika, wiki yake ilipokwisha akapelekwa kuchunga, na kijana aliyekuwa ameanza kuelewana na ng'ombe akapelekwa jikoni akaunguza maharage ya watu kumi na mmoja. Mimi niliwaazima jozi ya ng'ombe wangu wa jembe. Ng'ombe wa jembe anajua sauti moja. Akiizoea, unamwambia neno moja anageuka mwisho wa shamba bila fimbo. Hawa kila wiki walimletea sauti mpya, tena wengine walimwambia "tafadhali." Kufikia mwezi wa kumi na mbili yule mkubwa alilala chini katikati ya mfereji akacheua, watu wanne wakamzunguka kumbembeleza. Nilikwenda nikapiga mluzi mmoja. Akasimama. Nikawachukua ng'ombe wangu nikarudi nao nyumbani, na sikuaga.

Choo sitakisimulia sana. Nitasema tu kwamba kile choo kilihitaji mtu wa kukitoa mbolea, na kila mwenye zamu alipofika kwenye kipande hicho aliugua tumbo.

Na mikutano! Hawakupiga makofi. Wakikubaliana na neno waliinua mikono juu wakatikisa vidole, kama watu waliokosa taulo. Uamuzi haukupita mpaka watikise wote. Mmoja asipotikisa, wanarudi mwanzo. Jirani yangu mmoja, mama mjane, mkali kwa ulimi na kwa jembe, alipowaona mara ya kwanza aliniuliza, "Shemeji, hawa wamepatwa na nini?" Nikamwambia wamekubaliana. Akasema, "Mungu awaponye."

Sasa tufike kwenye shamba, maana ndilo lililoniweka pabaya.

Sisi Wafipa majani hatuyachomi, tunayafukia. Mwisho wa masika, majani yakiwa marefu na udongo bado una unyevu, unakata bonge la ardhi na majani yake, unalipindua, majani yanakuwa chini, udongo juu, unazungushia mengine mpaka linatoka tuta la mviringo lenye kimo cha goti. Hiyo ndiyo ntumba. Juu yake unapanda maharage siku hiyohiyo. Maharage yanakupa chakula kiangazi, majani yanaoza ndani, na mvua zinazofuata unalivunja tuta, unalitawanya, unasia ulezi. Babu zangu hawakununua mbolea, na ulezi wao ulishibisha watu. Lakini ntumba ina wakati wake. Mvua zikikata, ardhi ya mlimani inakuwa tofali, jembe linalia linarudi.

Unaweza kufikiri watu wa mbolea isiyotoka dukani wangeirukia kazi hii. Waliijadili. Mwezi wa tatu ulipoingia binti yangu aliwaambia, tuinue ntumba. Msichana mmoja mwenye miwani akasema hapana, kupindua udongo kunaua minyoo na viumbe vidogo. Basi, hakutikisa vidole. Wakarudi mwanzo. Wakampigia simu mtaalamu, mtaalamu akasema inategemea. Wakamtafuta mwingine. Wiki ya kwanza ikaisha. Wiki ya pili wakajadili kama binti mwenye miwani anaonewa. Wiki ya tatu akakubali, kwa sharti minyoo itakayoonekana ihamishwe kwa mkono. Wote wakatikisa vidole, wakakumbatiana. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu ninatazama mawingu. Yalikuwa yameanza kupanda juu na kuwa membamba, na upepo wa asubuhi ulikuwa umegeuka.

Ekari nane watu kumi na mmoja hawaziwezi kwa siku zilizobaki, hasa watu wale. Hilo waliligundua wenyewe. Wakabandika tangazo dukani na kwenye mti wa ofisi ya kijiji, limechorwa mikono mingi imeshikana: Karibuni wote kwenye kazi ya pamoja, siku ya Jumamosi, kutakuwa na juisi. Na watu walikwenda, wasije wakasema Wafipa ni wavivu. Walikwenda kama ishirini, wana majembe begani. Na mimi nilikwenda, nikasimama kando.

Yule mama mjane ndiye aliyewatangulia. Akaweka jembe chini, akauliza swali ambalo kila mtu wa huku huliuliza kabla hajainama.

"Mwenye kazi ni nani?"

Mratibu akafungua mikono kama padri. "Sisi sote, mama."

"Nimesikia. Aliyetuita ni nani?"

"Jamii, mama. Hapa hakuna mwenye kazi. Kazi ni ya wote."

"Na mimi wiki ijayo nikiwa na kazi yangu, atakuja nani?"

"Jamii yote itakuja, mama. Sisi sote."

Mama akawatazama mmoja mmoja, kumi na mmoja, kuanzia miguuni. Akasema, "Baba, mimi nimeishi miaka mingi. Huyo sisi sote hajawahi kuja kulima kwangu hata siku moja." Akachukua jembe lake. Wengine wakachukua yao. Juisi waliinywa, maana ilikuwa imeshamiminwa, wakashukuru, wakaondoka.

Mratibu alisema pale pale kwamba moyo wa kushirikiana umekufa vijijini. Nilitamani kumzaba kibao. Moyo gani umekufa? Nusu ya mashamba unayoyaona ukisimama mlimani pale yamelimwa kwa watu kuitana. Lakini kuitana kuna mwenyewe. Mtu mmoja anasimama anasema, ni mimi, nina kazi, njooni. Anawapikia pombe ya ulezi. Pombe ni shukrani tu, haimalizi deni. Deni ni jembe. Kila aliyekuja kwako, siku yake ikifika unakwenda kwake, wewe, kwa miguu yako, hata kama mgongo unauma. Usipokwenda, mwakani utalima peke yako kama mchawi. Hatusaidiani kwa kuwa tunapendana. Wengine hata hatusalimiani vizuri. Tunasaidiana kwa kuwa tunajua mlango wa kugonga. Hawa walileta kazi isiyo na mlango.

Na pombe wasingeweza kupika hata wangejua. Katiba yao, kifungu cha nne, ilisema kilevi marufuku.

Ningeweza kumwambia binti yangu. Niliyajua yote haya. Sikusema, kwa sababu hawakuniuliza. Watu wamekaa kwenye ardhi yangu miezi minane, wamepiga simu mpaka Ulaya kuuliza habari ya udongo ninaoukanyaga, na hakuna aliyenyoosha mguu mpaka kwangu kuniuliza. Nikasema, acha.

Alhamisi iliyofuata binti yangu alinikuta mashineni, ninabadilisha mkanda. Hakukaa.

"Baba, utalichukua kweli?"

"Nilisema mbele ya watu."

"Hata kama na mimi nimo?"

"Ulikuwepo niliposema. Kuku ulimla na wewe."

"Basi ukilichukua, naondoka nao. Siwezi kubaki hapa nikiwa binti wa mzee aliyewafukuza wenzangu."

"Njia ya mjini unaijua," nikamwambia.

Ndivyo nilivyomwambia, mimi niliyewapa watu wasio na sugu ekari nane ili nimwone yeye akipita uani. Nikaendelea kukaza mkanda. Nilikaza mpaka ukapita kiasi, kesho yake ukakatika.

Kabla hajatoka akauliza, "Kwa nini watu waliondoka Jumamosi?"

"Waulize walioondoka."

Nilifikiri atakwenda kufungasha. Kumbe alikwenda kuuliza. Mke wangu aliniambia jioni kwamba binti yetu ameshinda kwa mama mjane, anachambua naye maharage, na amerudi hapa akaomba ulezi debe tatu.

"Ukampa?"

"Ni ulezi wangu, nimeulima mimi. Au na mimi niitishe mkutano kwanza?"

Ulezi wa pombe unalowekwa, unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, unapikwa, unaachwa uchachuke. Haraka yake ni siku nane au tisa. Nikatazama mbingu, nikahesabu. Mvua ilinyesha siku ya tatu, kidogo. Siku ya tano ikanyesha tena, ya rasharasha tu. Nilikuwa ninakwenda mlimani kila asubuhi, nachoma ardhi kwa fimbo kuona inaingia kiasi gani. Nilimwambia kila aliyeniuliza kwamba natafuta mbuzi aliyepotea. Sina mbuzi.

Harufu ya kimea haifichiki. Siku ya saba wenzake wakamwitia kikao. Nilikisikia kwa masikio yangu, maana nilikuwa nyuma ya nyumba yao na ile fimbo yangu.

"Dada, kifungu cha nne tulikipitisha sote," mratibu alisema. "Na wewe ulikubali."

"Nilikubali. Sikujua."

"Ukigawa pombe hapa, utakuwa umejitoa mwenyewe kwenye kijiji. Hatukufukuzi. Umejitoa."

"Mtageuza gurudumu lini?"

"Jumatatu, kama kawaida."

"Basi nitoeni Jumatatu. Kazi ni Jumamosi."

Yule mwenye miwani akauliza kwa sauti ndogo kama minyoo bado itahamishwa. Binti yangu akamwambia, "Ukija na jembe, hamisha upendavyo." Niliondoka pale polepole, nimeuma meno ili nisicheke.

Ilikuwa katikati ya Kwaresima, na mimi hilo ndilo lililokuwa likinitia shaka. Watu wa huku Kwaresima wanaiheshimu. Lakini mama mjane alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akihubiri kwamba pombe ya kazi si pombe ya sherehe, na kwamba Mungu si mtendaji wa kata, haandiki kila kitu. Jumamosi asubuhi wa kwanza kufika alikuwa katekista, ana jembe na kikombe chake mwenyewe. Wakaja wengine. Nilihesabu thelathini na wawili.

Mama akaweka jembe chini. Akauliza tena, kana kwamba hajui, maana desturi ni desturi.

"Mwenye kazi ni nani?"

"Ni mimi," binti yangu akasema.

"Wewe nani? Sema watu wasikie. Masika yajayo ukaitwe wapi?"

Akataja jina lake lote, na la kwangu, na la mama yake. Akasema anakaa hapa hapa, aitwe hapa hapa. Nilikuwa nimesimama karibu na mitungi ya pombe, na ilibidi niiname kurekebisha kamba ya kiatu, na viatu vyangu ni mabuti ya mpira.

Kazi ikaanza. Mama mjane aligawa ngwe kwa kijiti, kila mtu kipande chake, na hakuna aliyebishana naye. Ardhi ilikuwa ikikaribia kugoma. Ilikatika kwa shida, lakini ilikatika. Majani yalikuwa kifuani. Mabonge yakapinduliwa, matuta yakaanza kuinuka mstari kwa mstari, na wanawake wakafuata nyuma na maharage kwenye vitambaa. Kati ya wale wenzake kumi, wanne walikuja kulima. Mwenye miwani alikuwemo, na kweli alikuwa akiokota minyoo anaiweka pembeni, mpaka mama mjane akamwambia, "Mwanangu, hiyo minyoo unaichosha kwa safari. Ndani ya tuta ndiko kwenye chakula chake." Akafikiri. Akairudisha. Wiki tatu za mkutano zingemalizwa na sentensi hiyo.

Mratibu alikaa kivulini, baadaye akatoka kupiga picha. Katekista akamwuliza, "Ndugu, hiyo simu inafukia majani?"

"Naweka kumbukumbu, mzee."

"Weka. Ukimaliza kuweka, ngwe yako ni ile pale."

Hakuigusa. Ikabaki katikati ya matuta na majani yake, imesimama kama mtu asiyeitwa. Nami nikaona itaharibu shamba. Nikamfuata mama mjane.

"Ile ngwe naichukua mimi."

Akanitazama. "Umekuja kama nani, shemeji? Kama mwenye ardhi au kama mlimaji?"

"Kama mlimaji."

"Basi kalime. Na usimalizie kwa kupapasa."

Nilikuwa sijashika jembe la mkono miaka mingi. Nina ng'ombe, nina vibarua. Tuta la tatu kiuno kilianza kunitukana. Tuta la sita nikaacha kusikia watu wanasema nini. Wenzangu walikuwa wamemaliza wanakunywa, wananipigia kelele, "Mzee wa mashine, weka dizeli!" Nikamwona binti yangu anapita na kata ya pombe. Nikanyoosha mkono. Akapita.

"Baba, bado matuta mawili."

"Mimi ni baba yako."

"Leo wewe ni mlimaji. Bado mawili."

Nikainua mawili. Akaja, akapiga goti, akanipa kata kwa mikono miwili. Pombe ilikuwa changa kidogo, ningempa siku moja zaidi, lakini sikumwambia. Halafu akaniuliza kama alivyomuuliza kila mtu pale, maana mwenye kazi lazima aulize.

"Ahsante kwa kazi. Ya kwako lini?"

Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia sina kazi ya jembe, nina ng'ombe. Nikaufunga. Nikasema, "Nitakuita."

Mvua ilinyesha mara moja tu baada ya hapo, ikakata. Matuta yalikuwa yamesimama. Neno langu halikumezwa, na ardhi sikuichukua.

Jumatatu mratibu na wenzake watano walipanda Noah kwenda Sumbawanga, na kutoka hapo sijui. Waliacha barua ndefu yenye maneno kama mchakato na maono tofauti. Binti alinisomea, nikamwambia inatosha, hata ukurasa wa pili sijafika nimesinzia. Waliobaki ni watano. Bado wanapika kwa zamu na bado siku nyingine wanaunguza. Bado wananieleza habari za mazingira, mimi niliyekunywa maji ya mto huu kabla baba zao hawajaoana na mama zao. Choo chao sikiingii. Lakini wamejifunza kusema kazi hii ni ya fulani, na fulani akiitwa anaitika. Maharage yalikubali. Kifungu cha nne sijui kimekwenda wapi, na sijauliza.

Binti yangu amelipa. Mvua mpya zilipoanza, alianza kwa mama mjane, akaenda kwa katekista, akaenda nyumba moja baada ya nyingine, asubuhi na mapema na jembe lake. Wiki nyingine alikwenda siku nne. Alirudi hajiwezi, mama yake akamkanda kiuno kwa maji ya moto. Waliomcheka mwanzo wameacha. Sasa wanampigia yowe la salamu kutoka ng'ambo ya bonde, jambo ambalo mimi kwa mali zangu zote sijafanyiwa. Amemaliza nyumba zote thelathini na mbili. Imebaki moja.

Ameshaniuliza mara tatu. Wenzake wa chuo wanampigia simu, kuna kazi huko, kuna mradi huku, na yeye anawajibu kwamba hawezi kuondoka kabla hajamaliza deni la watu. Mke wangu ananiambia nina roho mbaya, nimwite tu siku moja alime ngwe moja yaishe. Mimi nanywa chai.

Juzi kaja tena, kasimama mlangoni na jembe begani. "Baba, kazi yako lini?"

Nikamwambia majani ya kwangu bado mafupi, asubiri yakue.